Joker yupi umtazame? Wanne wanaotisha na kuchekesha, kila mmoja kwa njia yake

Anayetaka kumtazama Joker kwa mara ya kwanza hupata shida ambayo maadui wengine wa Batman, shujaa wa majarida ya katuni na filamu, hawaileti: Joker ni wengi, hawafanani, na kila mmoja ana mashabiki wanaoapa kwamba waliobaki ni waigaji tu. Mhusika mwenyewe alizaliwa katika jarida la kwanza la Batman mwaka 1940, mikononi mwa Bill Finger, Bob Kane na Jerry Robinson, na tangu toleo hilo sumu yake iliwaacha wafu wakiwa na tabasamu usoni. Waandishi walikusudia kumuua papo hapo, ndani ya jarida lile lile, mhariri akawazuia. Hofu na kicheko, kwa hiyo, vilikuwa pamoja tangu siku ya kwanza, na waigizaji waliofuata wamekuwa wakitofautiana juu ya jambo moja: kicheko kikae upande gani wa kioo.

Ulinganisho huu unawachukua wanne. Jack Nicholson anaonekana katika Batman ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Tim Burton. Mark Hamill, ambaye wengi wanamjua kwa sura katika Star Wars, anasikika katika filamu ya katuni ya Batman: Mask of the Phantasm ya mwaka 1993. Heath Ledger yumo katika The Dark Knight ya Christopher Nolan, ya mwaka 2008, na Joaquin Phoenix katika Joker ya Todd Phillips, ya mwaka 2019. Cesar Romero, Joker wa televisheni wa mwaka 1966, nimemwacha nje kwa kuwa anachekesha bila kutisha; alikataa hata kunyoa masharubu yake, wakayapaka rangi nyeupe juu kwa juu, na ukikazia macho unayaona. Msomaji asiyependa kuambiwa yanayotokea aelewe pia kwamba maonyesho kadhaa, yakiwemo ya vifo, yanasimuliwa hapa chini.

Vigezo

Kigezo cha kwanza, nacho nakipa uzito kuliko vingine, ni swali la nani mwenye mzaha. Adui anaweza kucheka mwenyewe na kutualika tucheke naye, anaweza kutuchekesha kisha akatuacha tukijishangaa kwa kucheka, au anaweza kuwa yeye ndiye anayechekwa. Cha pili ni chanzo cha hofu: je, tunaogopa anachokifanya, tunaogopa kutomwelewa, au tunaogopa kwa sababu tunamwelewa mno? Cha tatu ni kiasi tunachoelezwa juu ya maisha yake ya nyuma, na cha nne ni kazi ya uso, mwili na sauti. Idadi ya maiti si kigezo, kwa sababu adui anaweza kuangamiza mji mzima pasipo mtazamaji kutikisika, na mwingine akamtoa jasho kwa kufunga mlango tu.

Mzaha ni wa nani?

Joker wa Nicholson ndiye anayejifurahisha kuliko wote. Ni jambazi mwenye majivuno, Jack Napier, ambaye baada ya kutumbukia katika tangi la kemikali anajiona msanii, na mauaji ndiyo sanaa yake. Mzaha ni wake na sisi ni hadhira yake. Tazama mkutano wake na wakuu wa magenge: amejipaka rangi ya ngozi ili kuficha weupe wa uso, anazungumza kama mfanyabiashara anayeomba ridhaa ya wabia, na mmoja wao anapokataa anampa mkono waagane kwa amani. Kiganjani amevaa kichezeo kile cha kumshtua mtu mnaposalimiana, ila chake kina umeme wa kumchoma mtu akabaki mifupa myeusi kitini. Wenzake wakishaondoka, anabaki akizungumza na maiti. Anapendekeza kwamba wale wakuu wengine wapewe siku mbili tatu za kufikiri, anatega sikio, anajifanya amesikia maiti ikishauri wamalizwe mara moja, kisha anailaumu maiti kwa ukatili wake. Utacheka, na hakuna kitakachokuzuia, kwa sababu filamu nzima imejengwa kama jukwaa lake.

Hamill anapenda jukwaa vile vile, ila mzaha wake unaenda kasi zaidi na unageuka bila ilani. Jambazi mzee, Valestra, anakwenda kumwomba msaada, naye anampokea kwa ukarimu uliopita kiasi kama mwenyeji wa kipindi cha televisheni. Mzee anapokasirika na kumkamata nguo, sauti ya Joker inashuka ghafla, inakuwa ya mtu mwingine kabisa, halafu baada ya sekunde chache inarudi kwenye uchangamfu kana kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wanaosikiliza hucheka yale ya mwanzo na ya mwisho. Mtu mzima anabaki na ile sekunde ya katikati.

Ledger anacheka kidogo kuliko tunavyomkumbuka. Mizaha yake ni mitihani anayowapa watu, na mara nyingi sisi watazamaji tunafeli pamoja nao. Anaingia katika kikao cha majambazi, anaahidi kuifanya penseli itoweke, anaisimamisha mezani, na mtu anayemsogelea ili amtoe nje anakandamizwa kichwa juu yake. Penseli imetoweka kweli. Ukumbi mzima hucheka kabla akili haijasema ni nini kimetokea, na kicheko hicho ndicho filamu inachokitaka kutoka kwako, kwa sababu kuanzia hapo umeshakuwa mshiriki. Muda mfupi baadaye anawaambia watu watatu wa jambazi aliyemuua kwamba ana nafasi moja tu ya kazi, anavunja mti wa kuchezea pool, anaudondosha kati yao na kuondoka. Kuna na lile la mahabusu: Gordon, ofisa wa polisi, anapandishwa cheo mbele ya askari wenzake, wote wanapiga makofi, naye akiwa nyuma ya nondo anapiga makofi pia, uso mkavu, kana kwamba ni mgeni mwalikwa. Hakuna neno lililosemwa, na kwangu mimi ni mzaha bora wa filamu nzima.

Kwa Phoenix mambo yamepinduliwa. Mhusika wake, Arthur Fleck, anacheka kwa sababu ya maradhi, wala hakuna anachokiona cha kuchekesha. Hutembea na kadi ya kuwaeleza watu kwamba kicheko chake hakilingani na anavyojisikia. Anatamani kuwa mchekeshaji na hana kipaji hicho, hivyo kwa muda mrefu yeye ndiye anayechekwa, na mtazamaji hacheki kwa raha. Lakini lipo onyesho moja ambalo limepikwa kwa kipimo kamili. Wafanyakazi wenzake wawili wanamtembelea nyumbani. Arthur anamuua mmoja wao kwa mkasi, kwa ukatili usio na mapambo. Wa pili, Gary, ambaye ni mtu mfupi sana, anaambiwa yuko huru kwenda zake. Anasogea mlangoni akipita kando ya maiti, anafika, na mnyororo wa mlango uko juu, haufikii. Inambidi amgeukie muuaji na kumwomba amfungulie. Arthur anainuka akiwa na damu usoni, anaomba radhi kwa kutolifikiria hilo, anambusu kichwani na kumshukuru kwa kuwa ndiye peke yake aliyemtendea wema. Nani hapa ana haki ya kucheka? Filamu haijibu, na ukumbini utasikia wengine wakicheka na wengine wakiwakaripia.

Hofu inatoka wapi?

Hofu ya Nicholson iko katika vitu vya kawaida. Anatia sumu katika vipodozi na sabuni kwa namna ambayo hakuna anayejua ni mchanganyiko upi unaoua, na matokeo yake wasomaji wa habari wanaonekana kwenye televisheni na chunusi zao na nywele zisizochanwa, kwa kuwa hawathubutu kupaka kitu. Hiyo ni dhihaka nzuri kwa wanaoishi kwa sura zao, na wakati huo huo ni hofu ya kweli ya mtu anayefungua kopo la losheni asubuhi. Onyesho linalonitia baridi mimi, hata hivyo, ni dogo zaidi. Mpango wake unapoharibika barabarani, anamwomba mtu wake mwaminifu, Bob, bastola. Bob anampa. Naye anampiga Bob risasi, kwa hasira tu, kisha shughuli zinaendelea. Uaminifu wa miaka yote unaisha kwa kuwa bosi alihitaji kitu cha kuvunja.

Hamill anatisha kwa kicheko chenyewe kikigeuzwa silaha. Diwani Reeves anapopigwa dozi ya dawa yake, hafi. Analazwa hospitalini akicheka bila kuweza kujizuia huku Batman akimhoji, na macho yake yanaomba msaada wakati mdomo unafurahi. Kwa katuni yenye ruhusa ya watoto, ni jambo zito.

Kwa Ledger, hofu inatokana na kutomshika popote. Majambazi wa Gotham, mji wa Batman, wanaelewa fedha, yeye anaichoma rundo zima mbele ya mwenyewe. Polisi wanaelewa vitisho, naye katika chumba cha mahojiano anapigwa na kufurahia kipigo kwa sababu kila ngumi inathibitisha hoja yake. Hata alama za vidole hazisaidii kumjua. Kilele ni vivuko viwili, kimoja cha raia na kingine cha wafungwa, kila kimoja kikiwa na kitufe cha kukilipua kingine kabla ya saa sita usiku. Hapo tunagundua kwamba tunachokiogopa zaidi ni jirani yetu akipewa kitufe, na kwamba Joker amekuwa akiliuliza swali hilo tangu mwanzo. Inafaa kukumbuka kwamba mtihani huo anaufeli yeye, maana hakuna anayebonyeza. Wanaomsifu kama mwanafalsafa asiyeshindwa huwa wanakiruka kipande hiki.

Phoenix naye anatisha kwa sababu kila hatua inaonekana kutoka mbali. Huduma za ushauri na dawa zinakatwa kwa ukosefu wa fedha za mji, mwenzake anamkabidhi bastola, bastola inamdondoka akiwachezea watoto wagonjwa, anafukuzwa kazi, na usiku huo huo anawaua watu watatu katika treni. Hakuna fumbo. Unajua gari linakwenda wapi, na hofu ni ile ya abiria asiye na breki mguuni. Wapo wanaoona kwamba filamu inamhurumia kupita kiasi, na wapo wanaoona inaonya. Nionavyo, inafanya yote mawili bila kuamua, na msimamo huo hautamridhisha mtazamaji anayetaka filamu imwambie asimame wapi.

Tunaelezwa nini juu ya maisha yake?

Hapa tofauti ni rahisi kueleza. Nicholson ana jina, kazi, bosi na kisasi, na hata anafungwa kwenye historia ya Batman mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewaua wazazi wa Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman asipovaa kinyago. Baadhi ya wasomaji wa majarida hawakuipenda tofauti hiyo na hadithi waliyoizoea. Hamill anaonyeshwa kwa ufupi enzi zake za ujambazi kabla ya kubadilika, na inatosha. Phoenix anaelezwa tangu utotoni, kisha filamu inaanza kutilia shaka yale iliyotueleza. Ledger hana chochote. Anasimulia asili ya makovu yake ya mdomoni mara mbili, kwanza akimlaumu baba mlevi, baadaye akimtaja mke, na hadithi hizo mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Ukishasikia ya pili, unatambua kwamba ile ya kwanza, iliyokutia huruma, ilikuwa chambo.

Uso, mwili na sauti

Sura ya Joker ilichorwa kwa kuangalia picha ya Conrad Veidt, mwigizaji wa Kijerumani, katika filamu bubu ya mwaka 1928 kuhusu mtu aliyekatwa mdomo ili atabasamu daima. Nicholson ndiye aliye karibu zaidi na chanzo hicho: tabasamu lake limeganda, hivyo hata akihuzunika mdomo haumtii, na pengo hilo kati ya macho na mdomo linafanya nusu ya kazi. Suti zake za zambarau na muziki wa Danny Elfman vinakamilisha sarakasi.

Ledger ana rangi iliyochujuka na kupasuka, nywele chafu, na tabia ya kulamba midomo inayomfanya mtazamaji ajisikie vibaya bila kujua sababu. Hans Zimmer alimpa noti moja tu, inayovutwa na kupanda polepole hadi inakera kama mlio wa mbu sikioni. Kwa upande wa vichekesho vya mwili, angalia hospitali: ametoka amevaa sare ya muuguzi na wigi, milipuko inasimama, naye anakitikisa kidude cha kulipulia kama mtu ambaye rimoti yake imeisha betri, kisha mlipuko mkubwa unamshtua mwenyewe. Jengo hilo lilikuwa la kweli, kiwanda cha zamani cha pipi huko Chicago, kwa hiyo nafasi ya kupiga picha ilikuwa moja. Uvumi unaosema bomu liligoma na mwigizaji akabuni hapo hapo hauna msingi. Kusita kule kulipangwa. Ledger alifariki Januari 2008, miezi sita kabla filamu haijatoka, na Oscar ya mwigizaji msaidizi akatunukiwa baada ya kifo.

Phoenix alikonda hadi mbavu na mabega vikawa sehemu ya uigizaji. Kicheko chake kinaanza kooni kama kikohozi na kinamwumiza mwenyewe. Muziki wa Hildur Guðnadóttir, ambao sehemu yake iliandikwa kabla ya upigaji picha, ulichezwa wakati wa kuigiza, na dansi ya polepole chooni baada ya mauaji ya treni ilizaliwa kutokana nao. Wote wawili walipata Oscar mwaka 2020. Hamill hana mwili, ana koo peke yake, na bado ana vicheko vya namna nyingi kuliko wenzake wote wakiunganishwa: cha dharau, cha kitoto, cha hasira, na kile cha mwisho ambacho anakicheka huku kila kitu kikilipuka kumzunguka.

Ukiwa katika hali hii, chagua hivi

Ukitazama na watoto, anza na Hamill. Nchini Marekani katuni hiyo ilipewa daraja la kuruhusu watoto wakiwa na mwongozo wa wazazi, na ni fupi, dakika 76. Mtoto mdogo anayeota ndoto mbaya anaweza kusumbuliwa na uso wa diwani anayecheka, kwa hiyo kaa naye. Filamu za Nicholson na Ledger zilipewa onyo kwa walio chini ya miaka 13, lakini daraja hilo moja linaficha tofauti kubwa: ya Nicholson ina rangi na muziki wa kupunguza makali, ya Ledger haina. Ya Phoenix ni ya watu wazima, wala usimkubalie kijana anayedai kwamba ni filamu ya Batman.

Ukiwa na mwenzako asiyejali kabisa mashujaa waliovaa makoti, Nicholson au Phoenix wanafaa, kwa sababu tofauti. Wa kwanza anaweza kufurahiwa kama sarakasi ya mauaji bila kujua lolote kuhusu Gotham. Wa pili yumo katika tamthilia ya mtu mmoja ambamo Batman hayupo. Kama mwenzako, au wewe, mna mgonjwa wa akili nyumbani, fikirini kwanza. Filamu ya Phoenix inaunganisha ugonjwa na uuaji kwa namna inayoweza kuumiza, na si kila jioni inafaa kwa mjadala huo.

Anayetaka adui atakayembana kooni kwa saa mbili na nusu, pamoja na polisi, siasa na mbio za magari, atampata kwa Ledger. Namwekea sharti moja tu: asitazame nakala iliyotiwa sauti ya msimuliaji kama zile zinazopendwa katika vibanda vya video. Msimuliaji hodari humwongezea Nicholson utamu, kwa kuwa wote wawili ni watu wa jukwaa. Kwa Ledger anafunika ukimya, na yale makofi ya mahabusu yanapita bila mtu kuyaona.

Mwandishi wa skripti anayehangaika kumfanya adui wake achekeshe bila kupoteza makali alinganishe penseli ya Ledger na mnyororo wa Gary, akiangalia hasa kamera imemwekea nani jicho wakati wa kicheko: katika la kwanza tunamtazama mtendaji, katika la pili tunamtazama anayetaka kutoka. Mwigizaji wa redio au wa sauti za katuni amsikilize Hamill akiwa amefumba macho, hasa mazungumzo na Valestra. Na mwenye wikendi nzima anaweza kuwatazama wote wanne kwa mpangilio wa miaka, mradi asiwaweke Ledger na Phoenix katika usiku mmoja. Zote mbili pamoja zinapita saa nne na nusu, na wa pili atapokelewa na mtu aliyekwisha kuchoka kuogopa.